Ndio Kwanza Mkoko Unaalika Maua

Safari hii safu yetu inakwenda Gazi, kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa.

Kiingereza kina jina moja la jumla kwa miti hii ya maji chumvi. Mtu wa pwani ataitaja mmoja mmoja: mkoko wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, mchu, mkandaa, muia, mlilana wa mataruma ya jahazi, mkomafi wa kuchongea vitanda. Boriti zake zilibeba dari za Lamu na Unguja, na zikapakiwa majahazini hadi Oman na Ghuba, ambako baadhi yetu tuna jamaa. Kenya ilipiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Lakini faida ya mikoko si mbao tu. Matope yake hayana hewa, kwa hiyo majani na mizizi iliyokufa huoza polepole sana, na kaboni hubaki imezikwa kwa karne nyingi. Miti ikikatwa na matope yakifukuliwa, kaboni hiyo hurudi angani.

Tangu 2013, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Kaboni inayohifadhiwa huuzwa kupitia shirika la hisani la Scotland, na fedha hurudi vijijini kuleta maji na vitabu vya shule. Kwa kuwa jikoni bado panahitaji kuni, ilipandwa mivinje. Mwaka 2019 Vanga, Jimbo na Kiwegu nao wakaanza mradi wao.

Hapo ndipo klabu yetu ilipogawanyika. Wengine tunasema mlinzi ana haki ya kulipwa. Wengine tunauliza: kwa nini anayenunua kaboni huku Uingereza aendelee kuchafua hewa, na mama wa Gazi akatazwe kukata fito karibu na kwake? Sote tulikubaliana juu ya kipimo kimoja: nani anaamua fedha zitumikeje? Gazi, wanakijiji huchagua kamati yao na kuamua mkutanoni.

Kikao kijacho tutaendelea. Walimu wetu, karibuni. Wenye bibi na babu pwani, wapigieni simu muwaulize mikoko ya kwao inaitwaje, mje na majina hayo. Mjadala haujaisha, ndio kwanza mkoko unaalika maua.