Rangi Haitibu Tangi Lililobonyea

Katika njia kuu ya M1 itokayo Lilongwe, ikapita Mponela na Madisi hadi Kasungu, na vile vile katika vijia vya Dzaleka, pikipiki za abiria tuziitazo kabaza zimekuwa nyingi mno. Ianguakapo pikipiki, mara nyingi usukani hugeuka ukalipiga tangi la mafuta, likabonyea. Mwenyewe hulipeleka kwa fundi na kusema, "Funika hapo, upake rangi, nirudi kazini jioni." Maoni yangu ni kwamba neno hili "funika" ndilo adui, na fundi alikataaye yafaa asifiwe, wala asiitwe mvivu.

Jambo la kwanza ni uhai. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na kwa tangi la petroli methali hii ni kweli kuliko tunavyodhani. Wako waaminio kuwa tangi lililomwagwa mafuta halina hatari tena, kwa hiyo hulisogezea moto wa kuchomelea. Kumbe kiwakacho si petroli yenyewe, bali mvuke wake uliochanganyika na hewa. Ndani ya tangi lililojaa hewa ni haba. Ndani ya lililomwagwa, matone yaliyobaki hutoa mvuke, na hewa ipo tele. Mvuke ukifika kati ya sehemu 1.4 na 7.6 hivi katika kila 100, cheche moja yatosha kulipasua. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hulala chini, wala hautoki kwa kufungua kifuniko tu.

Tarehe 17 Julai 1996 ndege ya Boeing 747 ya shirika la TWA la Marekani ilipasuka angani karibu na New York, wakafa watu wote 230 waliokuwamo. Wachunguzi wa serikali walipomaliza kazi yao mwaka 2000, walieleza kuwa mvuke wa mafuta ulilipuka katika tangi la katikati, na tangi hilo lilikuwa karibu tupu. Ikiwa tangi tupu liliwashinda wahandisi wa ndege, sisi wa chini ya mwembe tuna nini cha kujivunia?

Jambo la pili ni kazi yenyewe. Tangi lafaa kutolewa kwenye pikipiki, mafuta yamwagwe mbali na moto, kisha lioshwe kwa maji ya moto na sabuni zaidi ya mara moja. Bonde lisilovuja halihitaji moto hata kidogo. Laweza kuvutwa kwa kigingi kilichobandikwa kwa gundi kali, au kusukumwa kwa chuma kilichopindwa na kupitishwa mdomoni mwa tangi. Kulivimbisha kwa pampu ya upepo ni hatari, maana laweza kupasuka usoni mwa fundi. Ikiwa hapana budi kuchomelea, tangi likiisha kuoshwa lijazwe maji mpaka karibu na mahali pa moto, na mdomo uachwe wazi.

Ndipo ije zamu ya puti. Chuma kisuguliwe kwa msasa mpaka king'ae, kwa sababu puti iliyopakwa juu ya kutu haishiki. Kazi yake ni kusawazisha palipobaki, unene wa milimita 3 hivi, si kujaza shimo. Ikirundikwa nene, mtikisiko wa injini huipasua, maji huingia, na kutu hula chuma kwa siri chini ya rangi nzuri. Siku moja petroli hudondoka juu ya injini ya moto, na nyuma ya dereva ameketi mama na mtoto mgongoni.

Labda mtu atasema, "Siku moja bila kazi ni siku bila chakula." Neno hilo lina uzito, hasa kule Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ambako watu wa Kongo, Burundi na Rwanda hutafuta riziki kwa shida. Lakini asiye na fedha wala nafasi anayo njia nyingine ya haki: aliache bonde. Akwangue kutu kwa mkono, apake rangi ya kuzuia kutu, aendelee na safari zake. Bonde halipunguzi mwendo wala halimwagi mafuta. Bora bonde la kweli kuliko unyofu wa uongo.

Lawama basi si ya fundi peke yake. Mteja amharakishaye fundi, kisha akakataa kulipia kazi ya kuosha kwa kuwa haionekani kwa macho, ndiye anunuaye hatari kwa fedha yake mwenyewe. Sisi tujifunzao habari za mvuke na hewa darasani tusiyaache maarifa hayo katika karatasi za mtihani. Tumpelekeapo fundi tangi, tumwulize kwanza ataliosha vipi, na baadaye bei ya rangi.