Mwanao Anacheza Vita vya Namna Gani?



Juma lililopita mama mmoja wa Nyololo alinijia na shida yake. Alimtuma mwanawe wa miaka 13 akanunue chumvi na mafuta ya kupikia. Jua likachwa, chumvi haikuonekana. Akamfuata, akamkuta katika kibanda cha gemu kando ya barabara kuu iendayo Mbeya, ameshika pedi kwa mikono miwili, macho kwenye kioo. Akamwita. Mtoto akajibu bila kugeuka: "Subiri kidogo, mama, nitakufa!"

Mama alishtuka, maana hakujua kwamba ni kufa kwa mchezoni. Na fedha ya chumvi ilikuwa imekwisha. Sasa aniuliza: je, nimkataze kabisa?

Wazazi wenzangu, hakimu hahukumu shauri asilolisikiliza. Basi nilikwenda mwenyewe kibandani. Vijana wengi walicheza mpira, lakini wawili walicheza vita, mchezo uitwao Call of Duty, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2003 na kufuatwa na mingine mingi ya jina hilo. Kijana mmoja akanipa pedi na kunifundisha kwa adabu.

Pedi ina vijiti viwili vya kusukumwa kwa vidole gumba. Cha kushoto hutembeza miguu. Cha kulia hugeuza macho. Kwa nyuma, kitufe cha kushoto huinua bunduki usoni, na cha kulia huifyatua. Alama ya X huruka, duara huinama, mraba hujaza risasi, pembetatu hubadili silaha. Wako wanaogeuza mpango, hata kijiti kikivutwa chini macho hupanda juu, kama rubani avutapo usukani wa ndege. Tena mashine yenyewe humsaidia mchezaji kulenga, maana kidole gumba si chepesi. Basi kijana akijisifu shabaha, ajue kwamba sehemu ya sifa ni ya mashine. Mimi nilitazama mbingu, kisha ardhi, kisha nikauawa. Vijana walicheka sana.

Lakini jambo kubwa ni hili: vita hivyo si vya namna moja.

Namna ya kwanza ni ya hadithi. Mtoto hucheza peke yake juu ya mashine, na aweza kusimamisha wakati wowote. Ukimwita naye akasema "siwezi kuacha," hasemi kweli.

Namna ya pili, wawili hukaa bega kwa bega na kioo hugawanywa sehemu mbili. Hapo pia huweza kusimamisha. Angalau mwenzake anaonekana, nawe waweza kujua ni mtoto wa nani.

Namna ya tatu ni ya intaneti. Hapo hupigana na watu wa mbali asiowajua, na pengine husikia sauti zao na matusi yao. Mchezo huo hausimami kwa ajili ya mtu mmoja, lakini una mwisho wake, mara nyingi dakika kumi hivi. Basi mwambie kabla hajaanza: "Mchezo mmoja, kisha maji ya kisima." Ukimwambia katikati, mtagombana bure.

Tena sheria za kufa hutofautiana. Katika vita vingine mchezaji aliyeuawa hurudi upesi, akakimbia tena. Katika vingine aliyeuawa hukaa kando mpaka duru iishe. Nilitazama vijana walewale katika hizo mbili. Katika ile ya kwanza walikimbia ovyo. Katika ile ya pili walitulia, wakangojana, wakalindana. Uhai ukiwa mmoja, mtu huuthamini.

Na huo wa kwetu ni mmoja. Mpeleke mwanao kwa mzee aliyekwenda vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, amwulize habari za wenzake waliobaki huko. Hakuna aliyerudi upesi akakimbia tena. Mtoto akisikia hayo kwa mzee mwenyewe, atajua tofauti ya mchezo na vita kuliko kwa hotuba yangu.

Je, mchezo huu ni wa mtoto wa miaka 13? Hapana. Huko Ulaya michezo mingi ya Call of Duty imetiwa alama ya 18, yaani si ya watoto. Baba Mtakatifu Benedikto wa 16, katika ujumbe wake wa mwaka 2007, aliikemea michezo itukuzayo ukatili kwa jina la burudani. Hilo ni wazi.

Lakini usidhani kila gemu ni dhambi. Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 15, alitangazwa Mtakatifu Septemba 2025. Naye alikuwa na PlayStation. Alijiwekea saa moja tu kwa juma, asije akawa mtumwa wake. Hakuitupa mashine; aliitawala.

Basi nilimjibu mama hivi. Vita, mkatalie mpaka akue. Mpira, mruhusu kwa saa iliyopangwa, na kazi zitangulie. Fedha ya chumvi airudishe kwa jasho lake, si kwa viboko. Na wewe mwenyewe nenda ukakae karibu naye siku moja.

Jumapili baada ya Misa alikwenda. Mtoto akampa pedi. Mama naye akatazama mbingu, kisha ardhi. Wakacheka wote wawili, na njiani kurudi nyumbani mtoto, bila kuulizwa, akaungama habari za fedha nyingine alizowahi kuchukua.

Mzazi, je, wewe wajua mwanao acheza nini? Kamwulize leo.

Mpaka juma lijalo, Mungu azilinde nyumba zenu.