Hana Faida kwa Nani? Kesi ya Mdudu Kijiti wa Mbinga

Nilipotea kidogo, nilikuwa kusini kikazi, Mbinga na Mbamba Bay. Nilitegemea nikirudi niwaandikie juu ya bei ya kahawa, au juu ya ile lami inayoteremka kutoka milima ya Umatengo mpaka Ziwa Nyasa (kona zake jamani, acheni tu...). Hayo yatasubiri. Leo nimekuja na hasira kwa ajili ya mdudu. Ndiyo, mdudu. Na hasira yenyewe inaanzia kwangu mimi mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Kabla ya kuanza kuteremka ziwani tulisimama ili dereva aangalie breki. Nikashuka, nikaegemea mti. Mara kijiti kikaanza kutembea juu ya mkono wangu. Urefu wake kama kidole cha kati, rangi ya gome kavu, mgongoni vimiba kama vya mchongoma. Nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka Malawi. Dereva, kijana mstaarabu kabisa, akakikung'uta na kukikanyaga kwa ndala.

"Pole dada. Hawa wana sumu hawa."

Pembeni kulikuwa na mzee anauza ndizi. Akacheka. "Sumu wapi! Hana sumu wala hana faida huyo."

"Shikamoo mzee," nikasema, aibu tupu. "Kwani anaitwaje?"

"Marahaba mwanangu. Anaitwa mdudu."

Nikarudi garini. Kilichoniuma si kifo cha mdudu peke yake. Kiliniuma kwamba dereva alikosea, mzee akapatia nusu, na mimi mwenye B ya Biolojia sikuwa na la kuongeza hata neno moja. Shuleni nilichora panzi, nikachora mende, nikaandika sehemu zote za mwili kwa Kiingereza safi, nikapewa vema. Kumbe mdudu wa nyuma ya darasa simjui!

Basi nimekaa nikasoma. Na nilichosoma kimenitia aibu zaidi.

Kwanza, tumsafishe jina. Mdudu kijiti si vunjajungu, ingawa wengi wetu tunawachanganya. Vunjajungu ni mwindaji, miguu yake ya mbele ni mitego, anakula wadudu wenzake. Mdudu kijiti anakula majani tu, tena usiku. Mchana anatulia kwenye tawi, na upepo ukivuma anayumba pamoja na majani ili jicho la ndege lisimtofautishe. Kumpata ameng'ang'ania mti mchana kweupe ni bahati. Mimi nilibahatika, na bahati ikaishia chini ya ndala.

Duniani zimeshaandikwa aina zaidi ya 3,000 za ndugu zake. Ukimkamata mguu, wengi wao wanauacha mkononi mwako na kwenda zao. Kama bado ni tunutu, mguu mwingine unaota taratibu kila anapojivua ngozi. Mayai yao yanafanana na mbegu, na aina nyingi zinayadondosha tu chini kama mvua. Ziko aina ambazo yai lina kifuniko chenye mafuta, chungu wanalibeba mpaka kwenye kichuguu wakidhani ni mbegu, wanakula kile kipande, na yai linabaki salama chini ya udongo. Na katika aina kadhaa jike hahitaji dume kabisa: anataga, mayai yanaanguliwa, watoto wanatoka majike matupu. Mwaka 2018 watafiti wa Japani walionyesha kwamba hata ndege akimla jike mwenye mayai, baadhi ya mayai yanaweza kupita tumboni mwa ndege yakiwa mazima na kuanguliwa.

Sasa niambieni, huyo ndiye "mdudu tu"?

Twende kwenye jina. Senene wa Bukoba ana jina, kumbikumbi ana jina, hata wale kungu wanaopanda angani kama moshi juu ya Ziwa Nyasa wana jina. Kwa nini? Tunawala. Mkulima wa kahawa wa Mbinga anamjua bungua mweupe, anamjua ruhuka, anamjua kimatira. Kwa nini? Wanamla yeye, yaani wanakula kahawa yake. Kwa hiyo Mbongo anampa mdudu jina la kueleweka kwa sababu mbili tu: nakula au ananila. Asiyekula kwako na usiyemla wewe, huyo ni "dudu", na adhabu ya dudu ni ndala.

Wenzetu hawakungoja faida. Mwishoni mwa miaka ya 1890 daktari wa jeshi la Wajerumani, Friedrich Fülleborn, alizunguka nchi hii ya Nyasa na Ruvuma akikusanya kila kitu: samaki, ndege, wadudu, hata vipimo vya vichwa vya babu zetu. Mwaka 1906 kitabu chake juu ya nchi hiyo kikachapwa Berlin. Leo kuna ndege mweusi wa misitu yetu ya milimani anayebeba jina la Fülleborn katika vitabu vya sayansi, na kuna samaki wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa aliyepewa jina lake mwaka 1926. Simsifu. Alikuja na jeshi, na vya kwetu vikaenda kukaa kwenye makabati ya watu. Lakini tangu 1961 nchi ni yetu. Nani ametukataza kutembea na daftari?

Na msiniambie sayansi haipokei lugha zetu. Wale samaki wa rangi rangi wa kwenye miamba ya ziwa, dunia nzima wanaitwa mbuna. Hilo ni neno la wavuvi Watonga wa ng'ambo ya pili, Malawi. Mfugaji wa samaki wa Chicago analisema. Ngolo, yale mashimo ya kilimo ya Wamatengo yanayozuia udongo usiporomoke mlimani, imeandikwa hivyo hivyo na watafiti wa SUA na wa Japani waliofika Mbinga miaka ya 1990 kujifunza. Pale mwenyeji alipokuwa na jina na maarifa, msomi aliinama akaandika.

Angalieni upande wa pili. Kuna mdudu kijiti mmoja mdogo wa Borneo, ana miiba mwili mzima, hana mabawa, jike lake kama sentimita 9 na dume kama 6. Kitaalamu anaitwa Aretaon asperrimus. Uingereza kuna watu wanamfuga chumbani. Wana chama chao cha wapenzi wa wadudu vijiti tangu mwaka 1980. Wanajua anapenda majani gani, wanajua jike ana mkia kama mdomo wa ndege anaotumia kufukia mayai mchangani. Mtoto wa London anamjua mdudu wa Borneo. Sisi wa Ruvuma wa kwetu tunamkanyaga kwanza, halafu tunauliza jina.

Najua mnachotaka kusema. "Dada, watu hawana maji, zahanati haina dawa, wewe unalia na mdudu?" Swali halali. Nalijibu mara mbili.

Jibu la kwanza: maji na mdudu ni kesi moja. Mdudu kijiti asiye na mabawa hatoki. Msitu ukikatwa haruki kwenda wa jirani kama ndege, anatembea tawi kwa tawi, na tawi likiisha safari imeisha. Milima ya Umatengo imelimwa mpaka juu. Miti ya asili iliyobaki iko vipande vipande, mingi kwenye mabonde na kando ya vijito. Kila kipande ni kisiwa. Na ni kipande hicho hicho kinachokupa maji ya kunywa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au ziwa. Mita 60! Shuka Umatengo uhesabu mwenyewe ni hatua ngapi kati ya mahindi na kijito. Anayelima mpaka kwenye maji anamfukuza mdudu leo, kesho anafukuza maji.

Jibu la pili: nalikataa neno lenyewe, "faida". Ningeweza kuwaambia kwamba mdudu ni hela. Kule Amani, Usambara, wanakijiji walifuga vipepeo wakauza pupa zao nje, wakajenga na kusomesha. Mwaka 2016 serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai, na soko likafungwa. Je, siku ile vipepeo waliacha kuwa na maana? Ukimpenda kiumbe kwa bei yake, siku bei ikianguka unampiga ndala.

Mwaka 1918 meli iitwayo Makambo ilikwama kwenye kisiwa cha Lord Howe, Australia. Panya wakashuka. Katika muda mfupi mdudu kijiti mkubwa wa kisiwa kile akaisha, na watu wakaandika kwamba hayupo tena. Mwaka 2001 wakapatikana 24, kwenye kichaka kimoja, juu ya mwamba uliosimama peke yake baharini. Mwaka 2003 wawili wawili wakachukuliwa kwenda kufugwa, na leo wapo wengi katika bustani ya wanyama ya Melbourne. Hawauzwi nyama wala ngozi. Waliokolewa kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wanajua jina la kilichopotea. Asiye na jina hatangazwi msiba.

Nimalizie kwa walimu wa Biolojia wa Mbinga na wilaya ya Nyasa, na popote mlipo. Hamhitaji maabara ya mfadhili. Chukueni boksi, kipande cha chandarua kikuukuu, chupa ya maji yenye tawi la mti mliomkuta nao. Wanafunzi waandike: jani gani kala, jani gani kaacha, lini kajivua ngozi, mayai mangapi, yameanguliwa baada ya siku ngapi. Wakimaliza wamrudishe mtini kwake. Halafu wamuulize bibi nyumbani, kwa Kimatengo au Kinyasa, huyu anaitwaje? Bibi akiwa nalo jina, liandikwe daftarini. Akiwa hana, wampe wao.

Mimi wangu nilimuua kwa ukelele. Yule mzee wa ndizi nina deni naye, maana aliuliza swali la faida nikakosa jibu. Nikirudi Mbinga nitampelekea hili.

Nawasilisha.