Lumbesa ya maduka ya simu

Mkulima wa Masagati hahitaji kufundishwa maana ya lumbesa. Mlanguzi amekuwa akifika katika bonde la Kilombero na magunia yake mwenyewe, akiyashindilia na kuyarefusha mdomo kwa kamba, kisha akilipa bei ya gunia la kawaida. Sheria ya vipimo inakataza ujazo huo, na hakuna mtumishi wa umma anayethubutu kuutetea kwa hoja kwamba mlanguzi naye ana gharama za lori. Lakini lumbesa nyingine, inayojazwa kwa asilimia badala ya debe, inatetewa hadharani na wasomi.

Hiyo ni ile ya maduka ya programu za simu, ambayo milango yake mikubwa inashikwa na makampuni mawili ya Marekani, Apple na Google. Februari 2011 Apple ilitangaza kwamba gazeti, muziki au somo litakalouzwa ndani ya programu kwa malipo ya kila mwezi litakatwa asilimia 30. Mwaka 2016 ikakubali kushuka hadi 15 baada ya mteja kutimiza mwaka mmoja. 2021 ikawapunguzia wauzaji wadogo. Na Januari 2022 Google ikashusha malipo ya aina hiyo hadi 15. Watetezi huutaja upunguzaji huu kana kwamba ni sadaka. Kiwango kinachoweza kukatwa nusu kwa tangazo moja, na duka lisitetereke, kilipangwa tangu mwanzo kwa ubavu wa mwenye mlango.

Chukua mwalimu wa sekondari anayetunga masomo ya hisabati kwa Kiswahili na kuyauza shilingi 10,000 kwa mwezi. Hata kwa kiwango cha wadogo, shilingi 1,500 hubaki mlangoni kila mwezi. Wakati huo huo, anayeuza mchele au nauli ya teksi kupitia simu hiyo hiyo hakatwi hata senti, kwa kuwa kanuni zenyewe zinasamehe bidhaa na huduma zinazotumika nje ya simu. Kama makato ni ya ulinzi na matengenezo ya duka, mbona mchele unalindwa bure na hisabati inalipishwa? Reli ya TAZARA hutoza usafirishaji wa mpunga kutoka Mlimba; haidai fungu la bei utakayouzwa Dar es Salaam.

Kibaya zaidi ni kumfunga muuzaji mdomo. Spotify ililalamika mwaka 2019 kwamba ilikatazwa kuwaambia wateja wake, ndani ya programu, kuwa nje ya duka bei ni nafuu. Machi 2024 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Apple faini ya zaidi ya euro bilioni 1.8. Huko California, mahakama iliamuru mwaka 2021 wauzaji waruhusiwe kuwaelekeza wateja nje. Apple ikafungua dirisha, kisha ikadai asilimia 27 ya mauzo ya huko nje! Aprili 2025 jaji aliamua kuwa amri yake ilikaidiwa.

Korea ya Kusini haikungoja mahakama: mwaka 2021 bunge lake lilipiga marufuku kumlazimisha muuzaji kutumia njia ya malipo ya mwenye duka. Tanzania inayo Sheria ya Ushindani ya 2003, inayokataza matumizi mabaya ya nguvu ya soko, na inayo Tume ya kuisimamia. Tume hiyo na iwaite wenye maduka waeleze, kwa hesabu, kila shilingi ya zile 1,500 inafanya kazi gani.