WASEMA HAKUNA MAFUNDI. NA SISI JE?



Siku hizi mabwana wenye kazi wana kilio kimoja. Wasema makampuni yanashambuliwa na wadukuzi, yaani wezi wanaovunja kompyuta wakiwa mbali, na mafundi wa kuzilinda hawapatikani. Kilio hiki si cha uongo. ISC2, chama cha wataalamu wa kazi hiyo duniani, kilikisia mwaka 2024 kwamba dunia imepungukiwa na walinzi wa namna hiyo kiasi cha milioni 4.8. Lakini twauliza: mtu anayelia kwamba hana mafundi, na huku ana watu kazini kwake asiotaka kuwafundisha, tumhurumie vipi?

Jambo hili latuhusu sisi wa reli. Mwezi wa Julai 2023 serikali ilikiri kwamba mtambo wa eCitizen umeshambuliwa. Washambuliaji walituma maombi ya uongo mengi mno kwa wakati mmoja, kama watu elfu kumi wanaojazana kwenye dirisha la tikiti bila nia ya kusafiri, hata msafiri wa kweli asifike. Kununua tikiti za treni kukawa taabu, na wengine wakakosa tokeni za umeme. Kundi lijiitalo Anonymous Sudan lilijisifu kwa kazi hiyo, na Oktoba 2024 Marekani ikawashtaki ndugu wawili, raia wa Sudan, kwa kuliendesha. Watu wawili tu! Na siku kama ile anayetukanwa na abiria si bwana mkubwa wa ghorofa ya juu, ni karani wa dirishani.

Umeme nao je? Tarehe 23 Desemba 2015 huko Ukraine, wafanyakazi wa makampuni matatu ya umeme waliona mishale ya kompyuta zao ikitembea yenyewe na kuzima swichi moja baada ya nyingine. Wateja kama 225,000 wakawa gizani. Wadukuzi walikuwa wameingia miezi mingi kabla, kwa barua za kompyuta zilizofunguliwa na watu wa ofisini wasioonywa. Ni nani aliyerudisha umeme baada ya saa chache? Mafundi wa kawaida, walioingia magarini, wakaenda hadi vituoni na kuwasha swichi kwa mikono. Waliijua mitambo yao. Mtaalamu wa kukodiwa, hata awe na hati ukuta mzima, hajui vali ipi ifungwe kwanza.

Tunalitaja hili kwa sababu Olkaria ni jirani yetu hapa Bonde la Ufa, na pale ndipo maneno ya "hakuna mafundi" yalipokwisha kujibiwa. Visima vya kwanza vya mvuke vilianza kuchimbwa mwaka 1956, navyo havikuleta umeme. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981. Nani nchini alijua kazi ya mvuke siku hizo? Walikuwa wachache mno. Basi watu wakafundishwa. Umoja wa Mataifa ulikuwa umefungua masomo ya mvuke huko Aisilandi mwaka 1979, na Wakenya wakapelekwa, mwaka baada ya mwaka, wakarudi kazini na kufundisha wenzao. Leo mafundi wa KenGen wamekwisha kuchimba visima hata Ethiopia na Jibuti. Ufundi huo ulichukua miaka, na ulilipiwa.

Lakini kwa kompyuta mabwana wataka mavuno bila kupanda. Hati iitwayo CISSP, wanayoipenda sana, yataka miaka 5 ya kazi hiyo hiyo (4 kwa mwenye digrii), na ada ya mtihani yapita dola 700. Kijana wa Naivasha ataitoa wapi miaka hiyo, ikiwa hapana wa kumwajiri kabla hajawa nayo?

Wasituambie fedha hakuna. Kwa Sheria ya Mafunzo ya Viwanda mwajiri hutoa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, nazo huenda NITA, na anayefundisha watu wake kwa utaratibu aweza kurudishiwa sehemu ya gharama. Ni wangapi kati yenu mliokwisha kuulizwa mwataka kufundishwa nini?

Waliosoma shule za misheni watamkumbuka Nehemia. Alipojenga ukuta wa Yerusalemu hakungoja askari wa kukodi; wajenzi wenyewe walijenga huku wameshika silaha.

Basi katika mapatano yajayo twataka mafunzo ya ulinzi wa kompyuta yawe ndani ya saa za kazi, kwa gharama ya mwajiri, na yaanze kwa mafundi wa signali, makarani wa tikiti na watu wa zamu. Twataka pia kila mtu awe na neno lake la siri. Tunajua mahali ambapo makarani wanne hupewa neno moja kwa amri ya mkubwa wao, kisha likiibwa huadhibiwa aliyekuwa zamu. Na mfanyakazi anayeripoti upesi kwamba amefungua barua mbaya asifukuzwe, maana akiona mwenzake amefukuzwa, yeye atanyamaza, na mwizi atakaa ndani miezi kama kule Ukraine.

Wenye hati yoyote ya kompyuta, hata iliyopatikana kwa masomo ya jioni, waandikishe majina kwa katibu wa tawi. Tutayapeleka mezani, ili atakayesema hakuna watu aisome orodha hiyo mbele yetu.