Taa Pekee Haitoshi

Kila ifikapo tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, wauguzi duniani kote humkumbuka kwa taa aliyoishika usiku akipita kati ya vitanda vya askari. Sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, imefunika funzo kubwa zaidi, ambalo linamhusu kila mtumishi wa umma.

Mwuguzi huyo aliwasili Scutari, ng'ambo ya Istanbul, Novemba 1854, akiongoza wauguzi 38 kuwahudumia askari wa Uingereza katika Vita vya Crimea. Aliikuta kambi iliyogeuzwa hospitali, imesongamana wagonjwa, na chini yake mifereji ya maji machafu imeziba. Sabuni, shuka na nguo vilikuwa haba. Kipindupindu, homa na kuhara damu viliua askari wengi kuliko silaha za adui. Pamoja na juhudi zake zote, vifo viliongezeka katika majira yale ya baridi. Vilipungua sana baada ya tume ya usafi kufika Machi 1855, ikazibua mifereji na kuingiza hewa safi wodini.

Maradhi hayo hayakumbagua mwuguzi. Mei 1855, alipokuwa akikagua hospitali za Balaklava, alishikwa na homa kali, akawa mahututi. Alipopata nafuu alikataa kurudishwa kwao, akabaki kazini hadi vita vilipokwisha mwaka 1856. Mwaka uliofuata alianguka tena, na kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kitandani.

Kitandani humo ndimo alimofanya kazi iliyozidi ile ya taa. Akishauriana na mtaalamu wa takwimu William Farr, alizipanga hesabu za vifo vya jeshi na kuzichora, hata kiongozi asiyependa tarakimu aweze kuona kwa jicho moja kwamba askari wengi walikufa kwa maradhi yaliyoweza kuzuiwa. Hesabu za Scutari, mahali alipofanya kazi mwenyewe, hakuzificha. Mwaka 1860 shule ya wauguzi yenye jina lake ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London. Alifariki mwaka 1910, akiwa na umri wa miaka 90.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo kitamwumbua. Ofisa anayepamba taarifa ili amfurahishe mkubwa wake, mtunza bohari anayeandika kuwa dawa zipo hali rafu ni tupu, na mwalimu anayejaza daftari la mahudhurio kwa kukisia, wote hao wanaziba mifereji ileile. Wanaoumia ni mgonjwa, mwanafunzi na mwuguzi anayewahudumia watu huku naye akihatarisha afya yake.

Kumsifu mwuguzi kwa hotuba mara moja kwa mwaka ni jambo jema. Kumpatia maji safi, sabuni na vifaa, na kuipokea bila hasira taarifa yake ya kweli, ndiyo heshima anayostahili.