Faiba yavuka Busia na Tororo kwenda Kampala, nyumba za mpakani zabaki na intaneti ya kusuasua

Sehemu kubwa ya intaneti ya Uganda huingilia Busia na Malaba. Hutoka kwenye nyaya za baharini zinazofika Mombasa, hupanda hadi Nairobi, huvuka mpaka kwa nyaya za faiba zilizofukiwa kando ya barabara au kubebwa na nguzo za umeme, kisha huendelea hadi Kampala. Mkazi wa Sofia upande wa Uganda, au wa Marachi upande wa Kenya, analala karibu na njia hiyo. Hata hivyo ikifika saa mbili usiku, wakati karibu kila nyumba ina mtu anayetazama video, kiduara cha kusubiri huzunguka kwenye simu yake kana kwamba yuko mbali na kila kitu.

Si jambo geni katika ukanda huu. Tangu miaka ya 1950 umeme wa bwawa la Owen Falls kule Jinja ulipitishwa Tororo kwenda Kenya, na vijiji vingi vilivyokuwa chini ya nyaya hizo viliendelea kuwasha vibatari kwa miongo kadhaa.

Wateja huwauliza wauzaji wa intaneti swali moja: kasi itaongezwa lini? Jibu huwa "hivi karibuni", na sababu zinazotolewa huwa za kiufundi. Nadhani sababu kubwa haiko kwenye ufundi. Yaliyotokea Kenya miaka michache iliyopita yanaonyesha hivyo.

Julai 2023, Starlink, kampuni ya Marekani inayotoa intaneti kwa setilaiti, ilianza kuuza huduma Kenya. Mwaka uliofuata ilileta kifurushi cha Sh1,300 kwa mwezi chenye gigabaiti 50. Julai 2024 Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya (CA) ikipendekeza kampuni za setilaiti zisipewe leseni za kujitegemea, bali zifanye kazi kwa kushirikiana na kampuni zilizo na leseni nchini. Miezi miwili baadaye, Septemba, Safaricom hiyo hiyo iliwaongezea wateja wake wa faiba kasi bila kupandisha bei. Kifurushi cha Sh2,999 kilitoka megabiti 10 kwa sekunde hadi 15. Kile cha Sh12,499 kiliruka kutoka 100 hadi 500.

Hatua hiyo inafaa kuangaliwa kwa makini. Mteja wa siku nyingi hakuchimbiwa mtaro mpya. Uzi wa kioo uliofika nyumbani kwake ulibaki ule ule, kwa sababu kasi anayopata mteja wa faiba huwekwa kwa maagizo ya kompyuta ya kampuni, na uzi wenyewe una uwezo mkubwa kuliko anaouziwa. Sisemi Starlink ndiyo sababu pekee. Jamii Telecommunications, wenye Faiba, na kampuni nyingine zinazouza kwa bei nafuu zilikuwa zikiwinda soko hilo hilo. Lakini tarehe zinavyofuatana, ni vigumu kuamini kwamba kasi iliongezwa kwa sababu mafundi walikuwa wamekamilisha kazi fulani. Iliongezwa kwa sababu mteja alikuwa amepata mahali pengine pa kwenda.

Tena haikuongezwa kwa usawa. Aliyelipa kidogo alipata nusu zaidi ya alichokuwa nacho, aliyelipa sana akapata mara tano. Kwa familia ya Busia, megabiti 15 bado ni nafuu kubwa: faili la gigabaiti moja ambalo kwa megabiti 5 lingechukua karibu dakika 27 huteremka kwa dakika tisa hivi. Ila ni familia iliyo mtaani ambako faiba imefika. Aliye kilomita chache nje ya mji anabaki na minara ya simu, na mnara una tabia ya matatu. Kadiri abiria wanavyozidi ndivyo kila mmoja anavyobanwa.

Sasa tuvuke mpaka. Kufikia mwisho wa 2025 Uganda ilikuwa haijaipa Starlink leseni, ingawa Rais Yoweri Museveni alikutana na wawakilishi wake Aprili mwaka huo. Soko la simu liko mikononi mwa kampuni mbili, MTN na Airtel, na intaneti ya nyumbani nje ya Kampala kwa kiasi kikubwa ni ruta inayotegemea mnara. Huduma ya 5G ilizinduliwa nchini humo 2023. Kwa mkazi wa Tororo, hata hivyo, wa kumtishia muuzaji kwamba atamhamia ni wachache mno.

Wengi hudhani tofauti inatokana na kodi. Hesabu haikubaliani nao. Uganda ilifuta ile kodi ya mitandao ya kijamii ya Sh200 kwa siku, iliyoanza Julai 2018, na kuanzia Julai 2021 ikaweka ushuru wa asilimia 12 kwenye bando. Ukiongeza VAT ya asilimia 18 juu yake, huduma ya Sh10,000 humfikia mteja kwa takriban Sh13,200. Kenya ilipandisha ushuru wake hadi asilimia 20 mwaka 2021, ikaushusha hadi 15 mwaka 2023. Ukiweka VAT ya asilimia 16, huduma ya Sh100 inakuwa karibu Sh133. Serikali zote mbili zinachukua karibu theluthi moja juu ya bei ya huduma. Ni nyingi, na ningependa ipungue, lakini haiwezi kueleza kwa nini upande mmoja wa barabara umeongezewa kasi na mwingine unasubiri.

Kinachoeleza ni leseni. Kampuni iliyopewa leseni Nairobi haiwezi kuvuta waya mita mia chache kutoka Marachi hadi Sofia bila kuanza upya kwa Tume ya Mawasiliano ya Uganda (UCC). Bidhaa nyingine zimeondolewa vizingiti kama hivyo. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa Februari 2018 na Marais Museveni na Uhuru Kenyatta, na lori sasa husimama mara moja badala ya mbili. Simu nazo zilishughulikiwa mwishoni mwa 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zilipoanzisha Mtandao Mmoja na kuweka kikomo cha senti 10 za dola kwa dakika. Intaneti ya nyumbani haikuwamo kwenye mpango huo. Watu wa mpakani wamejifanyia mtandao mmoja wao wenyewe: laini mbili za simu mfukoni, na wimbi la jirani likiwa na nguvu zaidi, wanalidandia.

Kuna kichekesho kingine kisichoonekana kwa macho. Wakala wa forodha wa Marachi akimtumia mwenzake wa Sofia nakala ya hati, hati hiyo kwa kawaida haivuki barabara. Mitandao ya Kenya hukutania kwenye kituo cha KIXP Nairobi, zaidi ya kilomita 400 kutoka Busia, na ya Uganda kwenye UIXP Kampala, kama kilomita 200 upande wa pili. Hati hupelekwa mji mkuu mmoja, ikavushwa hadi wa pili, ndipo irudi mpakani. Kwa barua pepe huhisi chochote. Kwa mkutano wa video, au kwa mfumo wa forodha unaokata ukikaa kimya, kila hatua hiyo ni ucheleweshaji na ni mahali pengine pa waya kukatwa na tingatinga la mjenga barabara.

Na huku hasara si ya kukosa filamu tu. Mfanyabiashara wa Uganda anatakiwa kutoa risiti kwa mfumo wa EFRIS, wa Kenya kwa eTIMS. Mizigo hutangazwa mtandaoni kabla lori halijafika, na mawakala wengi humalizia kazi hiyo nyumbani usiku, saa zile zile za kiduara.

Ni kweli kwamba wakati mwingine tatizo liko mbali. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini, na Kenya, Uganda na Tanzania zikaonja makali kwa majuma kadhaa. Ndiyo maana ilikuwa busara kwa Uganda, katika awamu ya tatu ya mkongo wake wa taifa, kufika Mutukula na kupata njia ya pili kupitia Tanzania. Setilaiti nazo si dawa ya kila kitu: Novemba 2024 Starlink yenyewe iliacha kwa muda kusajili wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa.

Lakini Busia na Tororo hazikosi waya mkubwa. Zote mbili, pamoja na Malaba, zimo kwenye awamu ya pili ya mkongo huo wa serikali ya Uganda, na upande wa Kenya mkongo wa taifa unafika hadi mpakani. Kinachokosekana ni kampuni ndogo ya mtaani inayoweza kununua intaneti kwa jumla pale pale mjini kwa bei inayomwachia faida, kisha ikaisambaza nyumba hadi nyumba. Mamlaka ya NITA-U imeshusha bei inayowauzia ofisi za serikali hadi dola 35 kwa megabiti kwa mwezi. Bei ya namna hiyo ikifunguliwa kwa wasambazaji wadogo wa Tororo, mambo yatabadilika haraka kuliko kwa kusubiri hisani ya kampuni kubwa. Kenya ina mfano wa kampuni kama hiyo, Mawingu, iliyoanzia Nanyuki kwa kuwahudumia watu wa mashambani, ikakua hadi kuinunua kampuni ya Habari ya Arusha. Mpaka wa Namanga umeshavukwa, basi. Huu wa Busia unasubiri CA na UCC zikae meza moja na kukubaliana kutambua leseni za wasambazaji wadogo kwa kilomita chache tu kila upande, na kuweka hapa kituo cha kukutanisha mitandao.

Kabla ya hapo, anayefikiria kulipia ruta mwezi huu ajue kwamba tangazo huhesabu megabiti, na megabiti nane ndizo megabaiti moja. Neno "hadi" lililo mbele ya kasi lina maana yake pia. Amwulize muuzaji kasi ya saa mbili usiku ni ipi, na baada ya gigabaiti ngapi itapunguzwa, na majibu hayo yaandikwe kwenye mkataba.